Kigoda cha Kufutiwa Kazi

Mwaka wa tatu chuo kikuu walitufundisha kumfuta mtu kazi. Lilikuwa somo kamili, lenye mtihani. Mhadhiri alitukataza kusema wafanyakazi. Tuseme rasilimali watu. Halafu akatuonyesha namna ya kuiaga hiyo rasilimali: mpe kiti, mwite kwa jina, mwambie kazi imekwisha, mweleze haki zake, usilie naye.

Likizo nikarudi nyumbani, yaani kambi ya wachuma chai huku Kericho, chumba kimoja cha kampuni. Nilihitaji mtu wa kumfuta kwa mazoezi. Baba yangu, Jairus Opiyo, alikuwa akichuma majani tangu kabla sijazaliwa, na alikubali mara moja. Jioni alivua aproni ya plastiki, akanawa, akaketi kwenye kigoda akiwa ameshika kofia, nami nikamfuta kazi huku maji ya ugali yakichemka.

"Unakimbia sana, Mama," aliniambia. Huniita hivyo kwa sababu nilirithi jina la mama yake, Ajwang. "Mtu ukimwambia kazi imekwisha, masikio yake inafunga. Ngoja kwanza. Mambo ya kuhama nyumba ya kampuni sema mwisho, na useme mara mbili."

Nikaanza upya. Siku nyingine aliigiza mkali, siku nyingine bubu. Tulicheka hadi majirani wakagonga ukuta.

Mwaka uliofuata nilipata mafunzo ya kazini katika ofisi ya kampuni hiyo hiyo, chini ya Bwana Bethwel Kipkemboi, afisa wa wafanyakazi. Bila ripoti yake nisingehitimu. Mwezi ule kampuni ikaanza kupunguza watu, wazee kwanza. Asubuhi moja akaniambia anayefuata ni Opiyo, na kwamba nitaongea mimi, yeye akae pembeni na kunipa alama.

"Ni baba yangu," nilisema.

"Najua. Ukiweza huyo, utaweza wote. Ukikataa, nitaandika umekataa."

Nilingoja moyo udunde. Haukudunda. Nilikufa ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa vibaya. Niliwaza jambo moja tu: kwetu ziwani, kwenye ardhi ya ukoo wetu, Baba hakuwahi kujenga. Mzee akirudi bila nyumba atalala kwa ndugu yake mdogo, Kepher, na watu watanong'ona hadi siku ya kumzika.

Baba aliingia. Akaniona nyuma ya meza, akamwona Kipkemboi na kalamu yake, akaelewa yote pale pale. Uso wake haukubadilika. Alibaki amesimama, akikitazama kiti, mpaka nikakumbuka kumkaribisha.

"Bwana Opiyo," nilisema, "kampuni inakushukuru kwa miaka yako yote. Kazi yako inakwisha mwezi huu."

Nikangoja, kama alivyonifundisha. Alikuwa akiigeuzageuza kofia. Nikamweleza haki zake kwa sauti ya darasani, nikafunga faili.

"Na nyumba, madam?" aliuliza.

Nilikuwa nimeisahau. Nikamwambia nyumba iwe wazi kabla shule hazijafunguliwa. Nikarudia tena, polepole. Akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akatoka. Hata mlango aliufunga taratibu.

"Hapo kwa nyumba ulirudia," Kipkemboi alisema huku akiandika. "Watu wengi husahau. Umeiva."

Nilisema asante. Saa nne nilikunywa chai pamoja na wengine, nikala andazi, na lilikuwa tamu. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba lilikuwa tamu.

Jioni nilimkuta Baba ameshavua aproni na kunawa. Alikuwa kwenye kigoda, kofia mkononi.

"Ulipita?"

"Nilipita, Baba."

"Vizuri. Nilijua utasahau nyumba."

Nikabandika maji ya ugali. Yalichemka, yakaanza kupungua, wala hakuna aliyeinuka kuchota unga.

"Sasa rudia, Mama," alisema. "Pale kwa nyumba mimi sikusikia kitu."

Nikaketi mbele yake, nikaanza tena, kuanzia jina lake.