Usiku wa Mablanketi Mawili

“Nimesema mtoto si kasuku. Sema moja, sema mbili, kwani umemfuga?”

“Mama, mwalimu anawapima Krismasi ikipita tu. Atahesabu lini, akishaota mvi?”

Tryphena alijibu bila kuinua macho. Tangu asubuhi yeye na mama mkwe wake, Mkamburi, walikuwa wakivutana jikoni kwao Ronge, na katikati yao alisimama bintiye Elsie, kikombe mkononi, midomo ameifumba kabisa. Shule ilikuwa na nafasi chache, na mwalimu mkuu alikuwa ametoa neno: mtoto asiyeweza kuhesabu hadi kumi angoje mwaka mwingine.

Kabla ya kuolewa, Tryphena alisomea upishi chuoni, na kwake hakuna darasa lililoshinda jiko. Keki ya Krismasi, ya kulisha ukoo mzima, ilitaka vikombe kumi vya unga. Mtoto achote, ahesabu, amimine. Elsie alichota vizuri, akamimina vizuri, lakini sauti haikutoka. Mara tatu unga ukarudishwa mfukoni.

“Jana usiku, kwenye ngano, alinihesabia watoto wa fisi, wote kumi,” Mkamburi alisema.

“Alikuhesabia, au ulihesabu mwenyewe ukadhani ni yeye?”

“Nimezeeka magoti, sijazeeka masikio.”

Elsie akacheka kidogo. Tryphena alikiona kicheko hicho; kilikuwa cha kwanza siku hiyo.

“Basi msimulie sasa, nisikie.”

“Mchana?” Mkamburi alimtazama kama aliyeambiwa aende kanisani bila nguo. “Anayesimulia ngano jua likiwaka, mbuzi wake hupotea. Unataka wetu wakaliwe na simba wa mlima Ndara?”

“Mbuzi wako hata kwa jirani hawafiki bila kupumzika.”

“Cheka tu. Mamangu hakusimulia mchana, na mimi sitaanza kwa ajili ya keki.”

Usiku haungefaa. Jioni wangekuwa kwenye ibada, na kesho yake nyumba ingejaa wageni kutoka Voi. Tryphena alijifuta mikono kwa aproni. Habari ya mbuzi hakuiamini hata kidogo, lakini alimjua mama mkwe wake: ukimvuta, ndipo anapokita miguu. Na kile kicheko kilikuwa kimemkaa moyoni. Huenda hesabu mtoto alikuwa nayo, ila haikutoka mbele ya macho ya mama yake.

“Mama, usiku ni nini?”

“Swali gani hilo? Usiku ni giza.”

“Kwa hiyo wazee walikataza mwanga.”

Mkamburi alimkazia macho. “Chuo hicho kilikufundisha upishi au uwakili?”

“Upishi. Elsie, lete blanketi langu. Na la nyanya.”

Kwanza alilitoa jiko la makaa nje, kwa kuwa mtu mwenye akili hajifungii ndani na makaa. Kisha akasokomeza blanketi moja dirishani, akafunga mlango, akatundika la pili juu yake, na nyufa akaziziba kwa magunia. Jikoni kukawa giza la kweli. Kuku aliyekuwa akidonoa chini ya meza alinyamaza, kisha wakamsikia akiparamia kuni zilizopangwa ukutani, mahali alipozoea kulala.

“Haya,” Tryphena alisema. “Hata kuku amekubali.”

Mkamburi alicheka hadi akakohoa. Akavuta kigoda, akaketi.

“Palikuwa na fisi mlafi aliyealika wenzake karamu, kisha akakumbuka hana unga. Akaenda kwa sungura kuomba kikombe...”

“Kimoja,” Elsie akasema, na unga ukasikika ukianguka bakulini.

“Akafika nyumbani, akaona hautoshi. Akarudi kuomba...”

“Viwili. Nyanya, huyu atamaliza unga wa watu.”

“Mwache, ni fisi. Akarudi tena...”

“Vitatu.”

Tryphena alipapasa gizani, akausogeza mfuko wa unga karibu na mtoto, akaketi sakafuni kungoja cha nne.