Hallaca Isiyo na Zabibu

Maigualida hakuwa mwizi, hakuwa mvivu, na akitaka, maneno yake yangeweza kumtoa nyoka pangoni. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ulikaa nyumba ya pili kutoka kwake, ukiitwa Nereida.

Walikuwa chanda na pete tangu utotoni, huko juu kwenye ngazi za La Ceibita, ambako nyumba za matofali zimepandana na Caracas yote unaiona chini ya miguu yako, ila kuila huwezi. Mwaka ule wanajeshi walipompindua Rais na watu wa milimani wakateremka kumrudisha, wawili hawa waliteremka pamoja na fulana zao nyekundu. Maigualida ndiye aliyeshika bendera. Maigualida ndiye aliyepiga kelele za Mapinduzi mpaka sauti ikamkauka. Nereida alibeba chupa za maji. Basi chama kilipokuja kuchagua mkuu wa mtaa, mtu wa kupokea maboksi ya chakula cha serikali na kuyagawa mlango kwa mlango, akachaguliwa nani? Mbeba maji!

"Kazi hii inataka mtu mtulivu," alisema bwana wa chama, na wote ukumbini wakamtazama Maigualida kwa pembe ya jicho.

Siku hiyo alipiga makofi kuliko wote. Alipofika nyumbani alivunja sahani.

Bolivari, hela yetu, ilipokuwa na thamani, wivu ule ulilala. Lakini hela ilipooza, mshahara wa mwezi ukawa hautoshi trei ya mayai, na boksi likawa ndiyo maisha yenyewe. Sasa kila aliyepanda ngazi alimsalimia Nereida kwanza. Ufunguo wa ghala la maboksi ulining'inia shingoni mwake kwa kamba, na Maigualida alipouona ukicheza juu ya kifua kile aliona wazi kabisa kwamba umekosea shingo. Hata mama yake mzazi, Bi Coromoto, alimwita Nereida "binti yangu," tena kwa sauti tamu ambayo Maigualida hakuwahi kuisikia tangu azaliwe.

Na tusimtie Nereida mabawa ya malaika. Alikuwa na kile kisauti chake cha "tulia, mama, tulia," kinachoweza kumpandisha jazba hata marehemu. Tena za wengine zikifika nusu, eti zimevuja, chupa yake ya mafuta haikuwahi kuvuja hata siku moja. Novemba boksi la Maigualida lilikuja bila mafuta, akasimama ngazini akamwita Nereida mwizi mbele ya watu. Tangu siku hiyo hawakusemezana.

Kisha ikaja Desemba. Serikali ilikuwa imeahidi paja la nguruwe kwa kila nyumba. Watu wakasubiri paja. Wakaota paja. Mkesha wa Krismasi ukafika, paja hamna, na Nereida kila akiulizwa alijibu, "Nami nasubiri kama nyie." Kwetu Krismasi bila hallaca ni Jumatatu tu: unga wa mahindi, katikati nyama na zeituni na zabibu, unafunga kwa jani la mgomba, unakaza kwa uzi, unachemsha. Zikishafungwa zote zinafanana, kwa hiyo asiyekula kitu fulani, yake hutiwa alama. Ya Maigualida ilifungwa kwa uzi mwekundu, tangu alipokuwa na miaka sita na kumtapikia bibi yake Nereida zabibu mapajani. Kila Krismasi Nereida alimletea ile yenye uzi mwekundu, naye kila Krismasi aliila amenuna. Mwaka huu hakuitegemea, na alijiambia kwamba haitaki.

Asubuhi hiyo alikuwa dirishani akifua leso ya mama yake, harufu ikamjia. Kitunguu saumu. Bizari. Na nyuma yake kitu kinakaangwa, kinanukia vile ambavyo mtaa huu haujanukia miezi na miezi.

"Mama, unasikia harufu hiyo?"

"Naisikia," alisema Bi Coromoto kutoka kitandani. "Mungu ambariki anayepika."

"Nyama hiyo! Inatoka kwa binti yako!"

"Basi atatuletea."

Jibu hilo ndilo lililomchoma kuliko nyama. Maigualida alitupa leso, akashuka ngazi mbili mbili mpaka chini, walipokuwa wanawake wamepanga ndoo wakisubiri gari la maji. Hakuwa na haja ya bendera.

"Jamani, paja limekuja!"

"Wapi?" Wote waligeuka.

"Kwa Mkuu wenu! Limekuja likaingia kwake moja kwa moja. Nyie mnakunywa dengu, mwenzenu anakaanga!"

"Acha utani, Maigua," alisema Yoleida, mwenye ndoo ya kwanza. "Nereida?"

"Pandeni mnuse. Pua zenu hazijatozwa kodi bado."

Wakapanda. Na walipofika kona ya kwa Nereida harufu ikawapiga usoni, Yoleida mwenyewe akatukana, akatangulia. Maigualida moyo ulimdunda kwa furaha. Tuseme ukweli, ilikuwa furaha. Leo ufunguo utabadili shingo.

Hawakubisha hodi. Nereida alikuwa jikoni amefunga kitambaa kichwani, kijiko mkononi, macho mekundu kwa moshi.

"Karibuni," alisema, maana hakujua aseme nini.

"Fungua sufuria," Maigualida akasema.

"Maigua, tulia, ma..."

"Usiniambie nitulie! Miaka yote hii nimetulizwa! Fungua!"

Hakungoja. Alifunua mwenyewe, akachota kwa mkono, akauinua juu wote waone. Nyuzi nyuzi za kahawia zilimning'inia vidoleni. Yoleida alisogea, akachukua uzi mmoja, akautafuna. Akatafuna tena. Kisha akainamisha kichwa.

"Ni maganda," alisema. "Maganda ya ndizi."

Kando ya jiko lilikuwepo beseni la ndizi mzuzu zilizomenywa. Nereida alikuwa ameyachemsha maganda, akayachambua kwa uma kama nyama, akayakaanga kwa kiungo chake cha mwisho.

"Mmeshaona?" alisema, na kile kisauti cha utulivu hakikuwepo tena. "Nilitaka angalau watu wasikie harufu ya Krismasi. Haya, wamesikia."

Mezani hallaca zilikuwa zimepangwa, chache, majani yake yamekazwa kwa vipande vya matambara badala ya uzi. Moja tu ilikuwa na uzi mwekundu. Maigualida aliiona mapema kuliko wote, akaomba Mungu wengine wasiione.

"Na hii ya nani?" Yoleida akauliza.

"Ya Maigua. Hali zabibu."

"Zabibu? Mwaka huu nani ana zabibu?"

"Hakuna," alisema Nereida. "Mkono umezoea."

Maigualida alisimama na maganda mkononi kama aliyeshikwa ugoni.

Nereida aliuvua ufunguo shingoni, akamvisha yeye. "Si ulikuwa unautaka? Chukua, shoga. Kesho utagongewa wewe, utatukanwa wewe. Na paja lisipokuja ukawaambie wewe." Kisha akamwekea ile hallaca kwenye kiganja kitupu. "Na hii ondoka nayo. Sina mwingine wa kumpa."

Wanawake walimpisha njia. Hakuna aliyepinga, na hakuna aliyempigia makofi.

Nyumbani Bi Coromoto alikuwa amekaa kitandani. Kuta za La Ceibita ni nyembamba, alikuwa amesikia yote.

"Hongera, Mkuu," alisema, akageukia ukutani.

Maigualida akaketi mezani, ufunguo shingoni. Alifungua uzi mwekundu, akakunjua jani, akaanza kula. Alikula polepole sana, akipekua kila tonge kwa ulimi, akitafuta angalau zabibu moja, apate cha kumlaumu Nereida.