Kaka Akisema

Watu wa mtaani walimwita Nyundo, na si kwa sababu ya kazi yake ya makochi. Walimwita hivyo kwa sababu ya mdomo. Mteja akileta kochi bovu, Nyundo hakumbembeleza. "Hili limekufa," alimwambia. "Nikilivika kitambaa kipya nitakuwa nimeivisha maiti suti." Wengine walinuna wakaondoka, kisha wakarudi wenyewe, maana kazi yake ilikuwa safi na neno lake lilikuwa moja.

Mtu huyo asiyejua kuzunguka maneno ndiye aliyelazimika kujifunza uongo akiwa na mvi kichwani, na wa kumdanganya alikuwa mama yake mzazi.

Mama alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Ulianza taratibu, sufuria zikaungua, funguo zikapatikana ndani ya pipa la unga, hadi asubuhi moja alipomtazama mwanawe juu mpaka chini akamwita Kaka. Nyundo akamsahihisha palepale: "Mama, mimi ni mwanao. Kaka yako alishafariki." Mama akaangua kilio kama aliyeletewa msiba mpya. Kesho yake Nyundo akarudia kosa lilelile, na mama akalia msiba uleule upya. Daktari ndiye aliyewaambia waache kubishana naye. Kila atakachowaita, waitike.

Basi wakaishi hivyo. Nyundo akawa Kaka. Mkewe akawa Binti. Dada mkubwa wa Nyundo, aliyekuwa akija kila mwisho wa wiki kumwogesha mama na kumsuka, akawa Jirani, wala hakupanda cheo tena.

"Mimi ndiye kifungua mimba wake," dada alikuwa akimnong'oneza Nyundo, "leo naitwa Jirani. Wewe uliyekuja nyuma yangu unaitikiwa kama mkuu wa ukoo."

Alisema huku akicheka, lakini Nyundo alikuwa amemwona zaidi ya mara moja akijifuta macho kwa ncha ya khanga.

Habari za chanjo zililetwa na mke wa Nyundo kutoka zahanati. Msimu wa mafua makali ulikuwa unakaribia, na muuguzi angepita nyumba kwa nyumba kuwachanja wazee. Nyundo akafurahi. Dada yake alipopigiwa simu hakufurahi hata kidogo. Alifika siku hiyohiyo, hakusubiri mwisho wa wiki, akamkuta mdogo wake karakanani, chumba cha mbele cha nyumba, amepiga magoti mbele ya fremu ya kochi, misumari midogo midomoni. Mama alikuwa ameketi pembeni kwenye kiti chake, akichambua vipande vya vitambaa na kuvikunja vizuri, kazi aliyojipa mwenyewe na ambayo hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

"Karibu, Jirani," mama alisema. "Kwako hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

"Sawa. Usikae sana, Kaka ana kazi."

Dada akameza hilo, akamgeukia Nyundo, akashusha sauti. "Hachomwi sindano."

Nyundo akatema misumari kiganjani. "Sababu?"

"Unaijua. Mwaka jana hospitali mimi nilikuwepo, wewe ulikuwa nje unatafuta gari. Watu wazima wanne walimkalia ili wamchome. Mama yangu, mtu wa kuvunjika ukimkumbatia! Analia anaita watu waliokwisha kufa. Nikasema pale pale, nikiwa hai hashikwi tena."

"Na alipelekwa hospitali kwa nini?"

Dada akamtazama mama.

"Kwa mafua," Nyundo akasema. "Mafua haya haya. Yakamshuka kifuani, akawa anang'oa mirija ya hewa, wakamfunga mikono kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda. Wewe uliona sindano. Mimi niliona bandeji. Sitaki kuziona tena."

"Kwa hiyo umwumize leo ili asiumizwe kesho?"

"Ndiyo."

"Wewe una moyo wa mbao."

"Mbao haioti ndoto za bandeji," Nyundo akasema, akarudi kwenye kochi lake. Alipigilia msumari ukaenda upande, akaung'oa, akapigilia tena, ukaenda upande. Dada yake alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akakaa kitako.

"Nyinyi wawili," mama alisema kutoka pembeni, "mnagombana kama watu waliooana."

Wakacheka, hawakuwa na la kufanya. Mwishowe walikubaliana jambo moja tu: muuguzi aje, lakini hakuna mkono wa mtu utakaomshika mama.

Muuguzi alikuja kesho yake, mwanamke mnene mwenye viatu vya mpira na kiboksi cha barafu begani. Alimpima mama joto, akamsikiliza kifua. Hakuna homa, hakuna tatizo. Nyundo akamwambia waziwazi walichokubaliana.

"Hata mimi simchomi mtu aliyeshikiliwa," muuguzi akasema. "Huwa namwuliza mwenyewe kwanza."

"Mwulize, lakini akili yake inakuja na kuondoka."

"Si neno. Nitaibahatisha ikiwepo." Akavuta kigoda, akakaa chini ya macho ya mama. "Bibi, nikuchome sindano?"

Mama aliacha kukunja vitambaa. Akaweka mikono mapajani, mgongo wima, kama msichana aliyeitwa mbele ya wakubwa.

"Kaka akisema," alijibu.

Wote wakamgeukia Nyundo. Mkewe mlangoni, dada yake dirishani, muuguzi na bomba lake bado limefunikwa. Alichohitaji kusema ni neno moja tu. Ndilo alilokuwa akilitaka tangu mwanzo, na sasa lilikuwa limewekwa mdomoni mwake, bila vita, bila machozi, bila kumgusa mtu.

Neno likakataa kutoka.

Alimjua huyo Kaka. Hakuwahi kumwona, lakini alikuwa ameambiwa habari zake na mama mwenyewe, enzi za akili zake timamu. Wazazi walipokufa, kaka ndiye aliyeshika nyumba. Akamwachisha shule mdogo wake wa kike na kumpeleka kufanya kazi za ndani kwa watu asiowajua. Hakumwuliza. Alisema tu, na alichosema kikawa. "Kaka alisema," mama alikuwa akisimulia, "nami nikafunga kifurushi changu cha nguo nikaenda. Nilipopata akili nikaapa, hakuna binadamu atakayenisemea tena." Na kweli, hakuna aliyemsemea. Alijichagulia mume, akamwacha mwenyewe, akalea watoto wawili peke yake, na Nyundo alipoacha shule mapema ili ajifunze ufundi, mama alimwuliza mara nyingi hadi ikachosha: ni wewe umetaka, au kuna mtu kakutuma?

Sasa yule msichana alikuwa amekaa mbele yake, ana miaka zaidi ya themanini, anangoja kusemewa.

"Kaka?" mama aliita kwa woga.

"Kaka anasema uamue mwenyewe," Nyundo akasema.

Mama alimtazama kwa muda mrefu, akiutafuta mtego. "Nikikataa hutakasirika?"

"Sitakasirika."

"Hutanipeleka kwa watu?"

Dada akageuza uso ukutani.

"Hupelekwi popote," Nyundo akasema. "Hapa ni kwako."

"Basi sitaki," mama akasema, na uso wake ukang'aa kama mtu aliyetua mzigo. Akarudi kwenye vitambaa vyake.

Nyundo alitoka hadi uani akasimama akiitazama kamba ya nguo. Alikuwa na alichokitaka mkononi, akakiachia kwa hiari yake. Mafua yakija, yakimshuka tena mama kifuani, nani atabeba lawama? Si msichana yule. Muuguzi alimfuata, viatu vyake vikilia juu ya saruji.

"Fundi, hukukosea."

"Nimekosea. Ila kukosea kwingine kungekuwa kubaya zaidi."

"Leo kakataa. Kesho kutwa nitapita tena mtaa huu. Nyinyi mnaoishi naye njooni zahanati mchanjwe, mafua yasipate mlango wa kuingilia. Hilo halihitaji kumwuliza mtu."

Wakaenda wote watatu jioni hiyo, Nyundo, mkewe na dada, mama akibaki na mwanamke wa nyumba ya pili. Dada, aliyekuja kupinga sindano, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukunja mkono wa gauni. Njiani kurudi akasema, "Nilidhani utasema ndiyo. Nilishajiandaa kukuchukia."

"Najua."

"Unajua kitu gani kinanikera? Tulimwuliza kama anavyoulizwa mtoto. Unataka, hutaki. Nani duniani anataka sindano? Hakuna aliyemwambia ni ya nini."

Nyundo akasimama katikati ya njia. Mwendesha baiskeli akamkwepa na kumtukana. Yeye, anayemwambia kila mteja ukweli wa kochi lake, hakuwa amemwambia mama yake kitu cha kweli tangu daktari atoe ile amri.

Muuguzi aliporudi, mama alikuwa ameamka na siku njema. Macho yalikuwa yametulia. Alikuwa amesimama nyuma ya Nyundo, akimtazama anavyovuta kitambaa na kukibana kwa stepla.

"Fundi," mama alisema, "hapo kona umeacha mkunjo."

Nyundo aliinua kichwa. Leo hakuwa Kaka. Hakuwa mwana pia. Alikuwa fundi tu, mtu aliyekodiwa. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, mama alikuwa amemwita kitu ambacho kilikuwa kweli.

"Naurekebisha, mama," alisema, na akaurekebisha. Kisha akaweka stepla chini, akakaa sakafuni miguuni pake, na akasema bila kuzunguka.

"Huyu ni nesi. Amekuja na chanjo ya mafua. Mwaka jana uliumwa mafua, yakaingia kifuani. Ulilazwa. Ulikuwa unang'oa mirija, wakakufunga mikono kitandani."

Dada alishtuka. Mkono wake ulimwendea Nyundo begani kumzuia, ukaishia hewani.

"Walinifunga?" mama aliuliza. Akaitazama mikono yake, akaigeuza. "Sikumbuki."

"Hukumbuki. Sisi tunakumbuka."

"Wakanifunga kama mbuzi?"

"Ndiyo, mama."

"Washenzi." Akafikiri. "Na hii sindano?"

"Inapunguza makali. Haizuii kila kitu. Unaweza kuugua, lakini mara nyingi huugui vibaya kama asiyechanjwa."

"Inauma?"

"Kidogo. Na kesho mkono utakuwa mzito. Mimi nimechomwa, huyu amechomwa, na huyu." Akakunja mkono wa shati akamwonyesha, ingawa hapakuwa na kitu cha kuona.

Mama aliuminya ule mkono kwa kidole gumba, palepale panapouma. Nyundo akaguna. Mama akacheka, kicheko chake cha zamani, kile cha kupandisha bega.

"Fundi, wewe husemi maneno matamu."

"Sijui kuyasema."

"Ndiyo maana nakusikiliza." Akavua khanga begani mwenyewe, akautoa mkono wa kushoto, mwembamba, ngozi ikining'inia. "Huu hapa. Wa kulia nautumia. Na wewe mwanamke fanya haraka, sina siku nzima."

Muuguzi akafanya haraka. Mama akasema "Ah!" moja kavu, akamtazama muuguzi kwa jicho la kusema nitakukumbuka, na ikawa imekwisha. Hakuna aliyemgusa isipokuwa sindano.

Jioni akasahau.

Walikuwa wakila alipoacha kijiko na kuushika mkono. "Kuna mtu kanipiga hapa."

"Umechanjwa, mama," Nyundo akasema. "Chanjo ya mafua. Ulikubali."

"Nani? Mimi?"

"Wewe."

"Mimi nikubali sindano? Nilikuwa na akili gani?"

"Nzuri sana," dada akasema. "Bora kuliko zetu."

Mama hakuridhika. Alikula kidogo, akaguswa na ule uzito wa mkono, akauliza tena ni nani aliyempiga. Nyundo akajibu tena, maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Mkewe akaleta kitambaa cha maji baridi, akauwekea. Mama akauliza tena. Safari hii macho yalikuwa na hasira, na yalikuwa yakimtazama yeye.

"Ni wewe umenipiga."

Ingekuwa rahisi kusema umejigonga mlangoni. Dada yake alimwangalia, akingoja kama atasema hivyo, na pengine akimwombea aseme.

"Hapana, mama. Nilikueleza, ukasikiliza, ukautoa mkono mwenyewe. Ukaniminya na mimi wangu."

"Uongo."

"Mimi nilikuwepo," dada akasema. "Ulimwambia nesi afanye haraka, huna siku nzima."

Mama akamgeukia. Akamkagua uso polepole, nywele, pete za masikioni, kana kwamba anatafuta sababu ya kuwaamini watu hawa. "Nilisema hivyo?"

"Neno kwa neno."

"Hayo yanafanana na mimi," mama akakubali kwa shingo upande, akaokota kijiko.

Baada ya muda mfupi akauliza tena. Dada ndiye aliyejibu, kuanzia mwanzo, na Nyundo akamwachia. Alijua wataulizwa mpaka mama apate usingizi, na kesho mpaka mkono upone. Akasogeza kiti chake karibu, upande wa ule mkono mzito, ili zamu yake ikifika awe anasikika vizuri.