Bega la Dada wa Vifungo

Mimi nina mdomo, najijua, lakini asubuhi ile niliufunga. Nilikuwa nimeuza cherehani yangu ili mimi na mdogo wangu tutengeneze programu ya kuchora ramani za nguo: unaingiza vipimo, printa inatoa karatasi, fundi anakata. Mama Sare, mwenye karakana kubwa ya kushona sare, akiichukua, tumepona. Akikataa, naenda kuomba kibarua cha kupiga pasi.

Sasa tunaingia, tunamkuta nani? Kijana mmoja wa tai nyekundu, kompyuta imewashwa, na kwenye skrini ni programu yetu! Kaipaka bluu tu, na bei yake nusu ya yetu.

"Mwizi huyu!" Ule uvumilivu ukaishia hapo.

"Si mwizi, dada," mdogo wangu akaninong'oneza. Sisi wenyewe tulianzia kwenye programu huria, ambayo walioiandika wameiacha wazi: ichukue, ibadilishe, iuze ukitaka, ila ulichoongeza nawe usikifiche. Nasi hatukuficha. Tai kachukua kihalali kabisa. Nilitamani kumfinya mtu, sema sikujua nimfinye nani.

Mama Sare akacheka. "Kumbe wote mna kitu kimoja? Haya, tuone." Akamwita dada anayeshona vifungo, tukampima. Karatasi zikatoka, zetu na za Tai, hazina tofauti hata ya uzi. Mama Sare akazitazama, akatikisa kichwa. "Hazimfai. Hamna macho nyie?"

Bega la kushoto la yule dada lilikuwa limeshuka, tangu utotoni. Programu ilidhani mabega ya kila mtu yako sawa. Miaka yote anawashonea watu sare zikawakaa, yake mwenyewe imepanda upande mmoja.

Tai akasema kitu hicho hakimo, atawauliza wataalamu. Mdogo wangu yeye alishakaa chini. "Dada, wewe ungekata vipi?"

Weee! Hapo ndipo nilipopata kazi. Nikashika futi: shusha hapa, kwapa nalo lishuke, kola usiiguse, nimesema usiiguse! Yeye anaandika, mimi nafoka, printa inakoroma. Karatasi ya kwanza, ovyo. Ya pili, afadhali. Iliyofuata, jamani, nikaikumbatia! Nikakata kitambaa mwenyewe, mafundi wakashona mbio mbio.

Dada wa vifungo akavaa. Akajitazama kwenye kioo, akageuka ubavu, akajipapasa bega. "Imekaa," akasema, akaanza kulia huku anacheka. Na mimi nikamfuata, maana machozi yangu hayana adabu. Karakana nzima ikapiga vigelegele.

Nageuka kumpongeza mdogo wangu, namwona anabonyeza kitufe: ile ya bega anaiweka mtandaoni, hadharani. Pale pale! Tai naye akaivuta, akatabasamu. "Mama, sasa hata mimi ninayo. Na bei yangu ni ile ile."

Nikaiona pasi, nikaona na makaa yake. Huyu mtoto kaniua, nikasema moyoni, tena kaniua huku anatabasamu.

Mama Sare akamgeukia Tai. "Hongera, baba. Na mzazi akija kesho na mtoto ambaye mguu wake mmoja ni mfupi?"

Tai akaitazama kompyuta yake. Akanitazama mimi. Akarekebisha tai.

"Mguu upi, mama?" mdogo wangu akauliza, vidole vimeshafika kwenye kompyuta. "Na suruali au kaptula?"

Mama Sare alichomoa waya wa kompyuta ya Tai ukutani, taratibu, akamkabidhi mkononi.

"Yenu iacheni hapo hapo ilipo," akatuambia. "Mnaanza leo."