Magunia ya Upande wa Mlango

"Usiuguse huo mlango," nilimwambia Mzee Suresh kupitia tundu la kitasa. "Sasa ndio unaoishikilia sakafu ya juu."

Ndani tulikuwa wawili, mimi na mke wake, Mama Lilavati, katika ghala lisilo na dirisha chini ya nyumba yao ya zamani pale Mirongo. Vumbi la mpunga kutoka kwenye magunia yaliyojaa sakafu ya juu lilitudondokea kichwani, na kila lilipodondoka roho yangu ilinitoka ikarudi. Mimi ni mhandisi wa majengo, na siku ile nilitamani kuwa mjinga, nisielewe kila mlio wa mbao.

Mama Lilavati ndiye aliyeniita asubuhi hiyo. Mlango wa ghala ulikuwa ukikwama tangu mavuno, na seremala alikwisha kuuranda bila mafanikio. Alitaka nione unavyokwama, tukaingia ndani, akausukuma mpaka ukajifunga. Juu pakalia kama kuni ikivunjwa gotini. Kichwa cha boriti, kilichooza ndani ya ukuta, kikachomoka na kuukalia mlango. Kumbe haukuwa umevimba. Sakafu ndiyo iliyokuwa ikiushukia siku zote zile. Hadi leo mlango wowote ukikwama siusukumi, hata wa chooni kwangu.

Boriti zilitoka ukuta wa nyuma, zikapita juu ya nguzo moja ya katikati, zikaishia mlangoni, na nguzo yenyewe ilishaanza kuinama. Nikaukumbuka ubao tuliokuwa tukiulaza juu ya gogo utotoni kule Bukoba, mmoja huku, mwingine kule. Mmoja akishuka ghafla, mwenzake anabwagwa chini. Ili tutoke ilibidi magunia yapunguzwe, lakini wabeba mizigo wa Mzee Suresh wangeanza nyuma, karibu na ngazi, kama mtu yeyote mwenye akili zake, na upande wa mbele ungetuangukia. Wangeondoa mbele tu kupita kiasi, nguzo ingelala upande wa pili.

Nikamuuliza Mzee Suresh magunia yamepangwaje. Akajibu ni sawa kwa sawa, mbele na nyuma. Basi nikamwelekeza: wasimame usawa wa nguzo, wavute gunia moja la mbele, kisha moja la nyuma, hivyo hivyo mpaka mwisho. Nilimsikia akiwapazia sauti walioko juu. Halafu nikamsikia akiwaambia wangoje.

Alirudi mlangoni. Kivuli cha viatu vyake kilikaa pale chini bila kusogea.

"Mhandisi, hesabu hiyo siyo."

"Siyo kivipi, mzee?"

"Ya mbele ni lumbesa."

Nilimgeukia Mama Lilavati. Mkulima akishajaza gunia, mnunuzi humtaka aongeze juu yake kilemba kizima, kishonwe kwa kamba, na bado lihesabiwe gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa. Wakulima wa Magu walimwita mama kwa sababu yeye hakuipokea, na mumewe alimwapia mbele ya picha ya marehemu mama yake mwenyewe kwamba haitaingia humu ndani tena.

"Yote?" Mama Lilavati aliuliza.

"Yote, Lila."

Aliushika mkono wangu, akaubana mpaka ukauma. Niliogopa kuliko nilivyoogopa boriti ilipolia. Nikabadili maelekezo, kwa kuwa mbele kulikuwa kuzito kuliko nilivyohesabu: wavute ya mbele peke yake, polepole, mpaka niseme. Kila gunia lilipoburutwa juu yetu tulibana pumzi. Hatimaye boriti ikainuka kidogo, mwanga mwembamba ukaingia juu ya mlango, nikawaambia waache. Wakaleta mirunda, yale magogo membamba ya ujenzi, wakaiegemeza chini ya boriti upande wa nje wa mlango, kisha wakatufungulia.

Mzee Suresh alikuwa amesimama pale, nywele zimejaa pumba, analia waziwazi. Mkewe alimpita. Akakaa uani juu ya lumbesa mojawapo iliyoshushwa, nene kiasi kwamba miguu yake haikugusa chini.

Mumewe akamletea maji. Alimshikia kikombe kwa mikono miwili, maji yanamwagikia magunia, na mama yule bado hakukipokea.