Bili ya Marehemu

Mama alipopooza upande wa kulia, ulimi nao ulikwenda. Akili ilibaki. Kuandika programu za simu nilijifunza mwenyewe, miaka sita, kwenye kompyuta ya kuungaunga, na ya kwanza ya maana niliyoimaliza ilikuwa yake: vitufe vikubwa vyenye picha, na sauti ya dada yangu. Maji. Geuza. Naumwa. Hapana. Hicho cha Hapana alikibonyeza kuliko vyote.

Simu yake ilianguka ikafa. Tukanunua nyingine mpya, nikaiweka programu, simu ikagoma: "Mtengenezaji hajulikani. Programu hii haiwezi kuwekwa."

Hajulikani! Nami nimekaa palepale kitandani kwa mama yangu.

Mimi si mtu wa kuhukumu haraka. Nilisoma masharti yote, nikarudia. Siku hizi kila programu lazima itiwe sahihi na mtu aliyesajiliwa kwa kampuni yenye mfumo wa simu, hata ikiwa ni ya simu moja tu. Wanataka kitambulisho, na bili ya nyumbani yenye jina lilelile. Kwetu bili ya umeme ina jina la baba, mwaka wa tisa tangu tumzike. Hakuna aliyeibadilisha. Umeme unawaka, ubadilishe ya nini?

Nikatuma barua ya ofisi ya mtaa, yenye mhuri. Ikakataliwa. Nikawaandikia hali ya mama kwa urefu, kwa adabu. Jibu lilikuja kabla sijaiweka simu chini, nikajua hakuna binadamu aliyesoma. Ungemfokea nani? Nilipiga meza hadi kikombe kikaruka.

Wiki hiyo Mama alilalia mkono wake uliopooza usiku kucha. Kulipokucha ulikuwa umevimba kama mkate. Hakuwa na namna ya kusema Geuza.

Dada aliukanda kwa maji ya moto. Kisha akasema, "Kaka, kitambulisho cha baba kimo sandukuni."

"Baba amekufa."

"Amekufa, lakini ana bili. Wewe uko hai, huna hata tochi yenye jina lako."

Alicheka peke yake. Mimi sijawahi kudanganya kwenye fomu. Siku hiyo nilidanganya, meno yakisagana. Dakika nne tu: "Karibu. Tumekutambua." Marehemu baba, ambaye hata kuwasha redio alikuwa akimwita mtu, ametambuliwa.

Programu ikakubali. Kabla haijafunguka, simu iliandika: Mtengenezaji, na chini yake majina ya baba, yote matatu.

Mama aliyasoma majina ya marehemu mumewe, kisha akaniangalia mimi. Vitufe vilipotokea, nilimwekea simu upande wa mkono mzima. Sikujua ataomba nini kwanza, baada ya wiki tatu za ububu.

"Hapana," ikasema sauti ya dada.

"Hapana nini, Mama? Maji?"

"Hapana. Hapana. Hapana." Kisha akainua kidole cha mkono mzima, kwa hasira, akaninyooshea mimi.