Farasi wa Ziwani

Kwetu milimani Uskoti, hata mtoto anajua kwamba farasi mzuri asiye na mwenyewe kando ya ziwa ni kifo kilichojipamba. Ukimgusa unanasa, anakuzamisha, kisha linaelea ini lako tu.

Tukiwa tunakata kuni kando ya ziwa, kaka yangu Torcuil akamshika farasi mmoja wa namna hiyo shingoni.

"Kaka, mwache!"

"Nyamaza, mwoga we!"

Alipovuta mkono, haukutoka. Vidole vilikuwa vimenasa manyoyani. Farasi akashtuka, akamburuta majini hadi kifuani.

"Kata, mdogo wangu! Kata vidole!"

Nikajitosa na shoka. Pigo la kwanza likampasua farasi sikio, la pili likaondoka na vidole vitatu vya kaka. Maji yakawa mekundu. Farasi akatimua mbio, nami nikamkokota kaka hadi nchi kavu, akilia na kunishukuru.

Jirani yetu Somhairle akatokea, anahema.

"Vijana, mmemwona farasi wangu mpya? Ana kidonda shingoni, nimempaka lami kama tunavyowapaka kondoo. Bado mbichi, inanata hiyo!"

Kaka akaacha kulia. Akanyoosha mkono wake mzima.

"Hebu nipe hilo shoka, mdogo wangu."